Kushusha gari kuukuu: springi na shoki zipi zitastahimili matuta yetu

Corolla yangu ni ile ya 110, ya mwaka 1998, na nimeishusha mara tatu. Mara ya kwanza niliharibu, ya pili nikauziwa takataka, ya tatu ndiyo ninayoendesha kutoka Kiamunyi hadi mjini Nakuru kila asubuhi. Kwa hivyo nikipanga hapa chini kipi kianze na kipi kishike mkia, najua kila hatua ilinigharimu ngapi.

Kabla hujatoa shilingi, chungulia kama gari lako lina spesa, vile vipande vya kuliinua. Hapa kwetu gari likitoka tu bandarini, mwenyewe hulipeleka kwa fundi liinuliwe kwa kuogopa matuta, na gari lililopitia mikono mitatu minne mara nyingi bado limezivaa. Kata usukani hadi mwisho, mulika tochi nyuma ya gurudumu, juu kabisa pale shoki inaposhikana na bodi. Ukiona kipande kinene cha aluminiamu au plastiki ngumu kama kisahani, hiyo ni spesa. Wengine huweka raba katikati ya mizunguko ya springi. Zangu za mbele zilikuwa na unene wa vidole viwili. Nilipozitoa gari likarudi kimo cha kiwandani, na nusu ya hamu yangu ya kulishusha ikaishia hapo hapo, kwa bei ya kazi ya fundi tu.

Kisha chukua futi ya kupimia. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Springi za miaka ishirini na kitu huwa zimechoka, na hazichoki sawasawa. Upande wangu wa dereva ulikuwa chini kwa milimita 12 kuliko ule mwingine. Bila vipimo hivyo, muuzaji akikwambia springi zake zinashusha milimita 30, hujui zinashusha kutoka wapi.

Nafasi ya kwanza: springi fupi za milimita 25 hadi 35, pamoja na shoki mpya

Nasisitiza hilo neno pamoja. Watu wengi hununua springi kwanza kwa sababu ndizo zinazobadilisha sura ya gari, wakisema shoki watanunua mwezi ujao. Ukilazimika kugawa ununuzi, anza na shoki. Springi hubeba uzito, shoki hutuliza mrusho. Springi ya kushusha ni ngumu kuliko ya kiwandani, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu imebakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea. Ikibonyea inarudi kwa nguvu zaidi, na shoki iliyochoka haiwezi kuishika. Ukivuka tuta, gari linadunda mara tatu kama mpira wa watoto kabla ya kutulia, na kila mdundo tairi inapoteza mshiko.

Kuna jambo la pili ambalo muuzaji hatakwambia. Gari likishuka, chuma cha katikati cha shoki kinashinda kimezama ndani kuliko kilivyopangiwa, kwa hivyo kinafika haraka kwenye kile kipira cha kukinga kugonga. Ndiyo maana kampuni nyingine hutengeneza shoki fupi maalumu kwa magari yaliyoshushwa. Bilstein, kwa mfano, wana B8. Zile KYB Excel-G zinazouzwa karibu kila duka la spea ni za kimo cha kawaida. Ukishuka kwa milimita 25 au 30 zinavumilia, ndizo nilizo nazo mimi, na zote nne zilinigharimu shilingi 28,000. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo usizilazimishe.

Kwa upande wa springi, majina ya kutafuta ni Eibach ya Ujerumani, na Tanabe, RS-R, Espelir na TEIN za Japani. Kwa Toyota na Subaru zetu nawapa Wajapani kura kwa sababu rahisi: katalogi zao zinaandika modeli kwa herufi na namba zile zile zilizo kwenye kibati cha gari lako. Soma kibati hicho usikisie. Corolla 110 ya dizeli ina injini nzito kuliko ya petroli, kwa hivyo springi ya mbele ya moja ukiivisha nyingine, gari litainama pua au litainua pua. Vivyo hivyo kwa magurudumu manne yanayosukuma na mawili.

Kwa nini nisimame kwenye 35? Kwa sababu ya viazi. Gari hili hili lilipokuwa limeshuka milimita 50 nilikwenda Molo na watu watatu, tukarudi na gunia moja kwenye buti. Tuta la kwanza sailensa ililia kama bati linalokokotwa kwenye simenti. Abiria wakashuka, nikavuka, wakapanda. Tuta la pili, vivyo hivyo. Kufika Salgaa walikuwa wamekwisha zoea, gari likipunguza mwendo tu milango inafunguka. Kama gari lako ni la kupiga picha Jumapili, shuka unavyotaka. Kama linabeba familia na vya shambani, 30 inatosha, na machoni inaonekana vizuri tu, ile nafasi kati ya tairi na madigadi imejaa.

Nafasi ya pili: shoki mpya na springi za kiwandani

Najua hukuja hapa kusoma hili. Lakini kama bajeti ni moja na gari linayumba, toa spesa, weka shoki mpya nne, maunti mpya (vile vishikizo vya juu vya shoki kwenye bodi), uache springi zako kama hazijapasuka. Utashangaa gari litakavyoshika kona za Kericho.

Nafasi ya tatu: koilova

Hizi ni shoki na springi zilizounganishwa, zenye uzi wa kuzungusha ili upandishe au ushushe upendavyo. BC Racing na TEIN ndizo nilizokutana nazo zaidi kwa vijana wa Subaru. Ni kitu kizuri, lakini kwa gari kuukuu la kila siku naziweka ya tatu kwa sababu mbili. Kwanza ugumu: springi zake mara nyingi ni ngumu mara mbili au zaidi ya zile za kiwandani, na barabara ya changarawe itakuhesabia kila jiwe. Pili ni vumbi. Inasemekana jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukipita Njoro mwezi wa pili utaamini. Vumbi hilo likichanganyika na maji ya mvua linaganda kwenye uzi, na mwaka mmoja baadaye ile pete ya kurekebishia haizunguki hata kwa nyundo. Ukinunua, paka grisi, funga mfuko wa kukinga vumbi, na uzungushe pete kila gari linapokwenda sevisi.

Angalia pia namna ya kushusha. Koilova nzuri hushusha kwa kuzungusha kikombe cha chini kinachoshika shoki, springi ikabaki imekaa vile vile. Za bei rahisi hushusha kwa kulegeza springi, na ukishuka sana inabaki inacheza.

Nafasi ya nne: za mtumba kutoka Japani

Springi za mtumba sina shida nazo sana. Chuma kizuri hakizeeki haraka; tazama tu kama rangi imebanduka na kutu imechimba, na kama kuna ufa karibu na ncha. Shoki za mtumba ndizo zilizoniponza. Nilinunua jozi ya mbele, nyeusi, safi, zinang'aa. Wiki ya tatu moja ikaanza kutoa jasho la mafuta, na nilipokwangua kwa kucha rangi ikatoka kama ganda la yai: chini yake kulikuwa na mafuta ya zamani. Ilikuwa imekwisha kufa, ikapanguswa, ikapakwa rangi. Niliporudi, muuzaji akaniambia, "Bosi, hiyo ilikuwa sawa ikitoka hapa," na hakuwa na risiti ya kunionyesha wala mimi sikuwa nayo.

Siku hizi najua kupima. Simamisha shoki wima, sukuma chuma chake hadi chini kwa kiganja. Kinatakiwa kuzama kwa ugumu ule ule kutoka juu hadi mwisho, na kama ni ya gesi kinatakiwa kupanda polepole chenyewe. Kikizama ghafla katikati, ndani kuna upungufu. Pitisha ukucha kwenye chuma. Mkwaruzo mmoja tu unatosha kuchana sili, ile raba inayozuia mafuta. Na ukiona rangi mpya kwenye kitu kikuukuu, muulize mwenyewe alipaka ya nini.

Ya mwisho: kukata springi

Hii ndiyo ya kwanza niliyofanya. Fundi akaja na gurainda, akakata mzunguko mmoja na nusu kila upande, nikampa shilingi 1,500, nikaenda nikijiona. Siku chache baadaye nikaanza kusikia tak! kila nikitoka kwenye tuta. Nilipoinua gari kwa jeki, springi ikawa inazunguka mkononi mwangu kama bangili. Ilikuwa fupi mno hata gurudumu likining'inia haifiki kwenye kiti chake. Siku ambayo ingerudi vibaya nikiwa kwenye mteremko, nisingekuwa naandika haya. Wapo wanaozipasha moto kwa gesi badala ya kukata. Hiyo ni mbaya zaidi: moto unaua ugumu wa chuma, springi inaendelea kushuka yenyewe mwezi baada ya mwezi.

Siku ya kufunga

Muulize fundi akuonyeshe klampu zake za kubania springi. Akitoa kamba au waya, ondoka. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Nunua maunti mpya na vile vipira vipya vya kukinga kugonga, usirudishe vilivyopasuka. Kisha jambo ambalo mafundi wengi huliruka: bolti za mkono wa chini unaoshika gurudumu zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia, bushi, zile raba za maungio, zinakaa zimejipinda muda wote, na miezi michache baadaye zimechanika. Halafu moja kwa moja kwenye alainimenti, maana gari likishuka magurudumu yanabadilika mwelekeo na tairi inaliwa upande wa ndani, mahali ambapo huoni hadi waya zitokeze.

Baada ya wiki mbili pima tena kwa ile futi. Langu lilitulia milimita 28 chini mbele na 25 nyuma. Tuta refu nalivuka kwa mshazari, gurudumu moja kwa wakati, matatu yakinipigia honi nyuma. Na mke wangu akisema tunakwenda Molo kwa viazi, naazima pikapu ya jirani.