Uzoefu Wangu wa Kuunda Fairey Swordfish ya Airfix kwa Kipimo cha 1/72

Seti ya vipande vya plastiki vya kuunganisha ninayoieleza hapa ni Fairey Swordfish, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Uingereza yenye bawa la juu na la chini, iliyotengenezwa na kampuni ya modeli ya Airfix kwa kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), ile iliyobuniwa upya na kuingia sokoni mwaka 2012. Nalitaja hilo mapema kwa sababu Airfix ilikwisha kutoa Swordfish nyingine mwaka 1958, na masanduku ya seti hiyo kongwe bado huuzwa na watu wanaokusanya vitu vya zamani. Anayenunua kwa kutazama jina pekee anaweza kuletewa kitu tofauti kabisa na hiki ninachokisifu. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 13.87 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo modeli iliyokamilika ina sentimita 19 na kidogo, na haihitaji meza kubwa wala kabati la pekee.

Wengi huijua Swordfish kwa shambulio la bandari ya Taranto usiku wa 11 Novemba 1940, ambapo ndege 21 za aina hii ziliruka kutoka HMS Illustrious, meli ya kubeba ndege, zikaziharibu manowari kubwa tatu za Italia, au kwa torpedo (kombora linalosafiri chini ya maji) iliyougonga usukani wa Bismarck, manowari kubwa ya Ujerumani, tarehe 26 Mei 1941. Mimi, kama mkazi wa Mombasa, nilivutiwa na habari inayotajwa mara chache zaidi. Tarehe 5 Mei 1942 Illustrious ileile ilizituma Swordfish zake juu ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, nazo zikaizamisha nyambizi ya Kifaransa iitwayo Bévéziers; baada ya hapo meli hiyo ilikuwa katika kundi la manowari za Uingereza lililokuwa limehamishia makao yake Kilindini, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi Aprili mwaka huo. Kwa hiyo niliamua kuiunda ndege ya Illustrious ya Mei 1942, na uamuzi huo ndio ulioongoza rangi, alama na silaha nilizochagua.

Kwa maoni yangu, seti ya ndege yenye mabawa ya juu na ya chini hupimwa kwanza kwa jinsi bawa la juu linavyokaa juu ya nguzo zake. Kiwiliwili kikiwa na ufa, utazibwa na kupigwa msasa. Bawa la juu likikaa upande, hakuna dawa. Katika seti nyingi za ndege za aina hii nilizowahi kuzishika, nguzo hugusa bawa kwa ncha nyembamba kama ya kijiti cha meno, na mtu hulazimika kuzisimamisha zote kwa pamoja huku gundi ikikauka kabla hajapata pembe sahihi. Katika Swordfish hii nguzo zinaingia kwenye mashimo yake kwa kina cha kutosha, zile za katikati zinasimama imara zenyewe, na pembe inajipata. Niliweza kuliweka bawa la juu bila gundi, nikalitazama kwa mbele na kwa nyuma, nikaliondoa, nikalirudisha tena, na kila mara lilirudi mahali palepale. Jambo hilo linampa muundaji uhuru mkubwa, kwa sababu anaweza kupaka rangi mabawa yote yakiwa yametengana na kuyaunganisha mwishoni kwa utulivu.

Seti inaruhusu mabawa yaliyokunjuliwa au yaliyokunjwa kuelekea nyuma, kama yalivyohifadhiwa ndani ya meli, ambapo ndege ilibaki na upana wa zaidi kidogo ya mita 5. Nilichagua kuyakunjua. Mabawa yaliyokunjwa yanapendeza na yanaokoa nafasi, lakini yanaficha kiwiliwili, na ni vigumu kupitisha nyaya katika sehemu iliyobanana namna hiyo. Anayeunda ndege ya mabawa mawili kwa mara ya kwanza namshauri ayaache wazi.

Chumba cha wahudumu ni kirefu na hakina paa: rubani mbele, mwangalizi katikati, na nyuma mpiga redio ambaye pia alikuwa mpiga bunduki. Kwa kuwa kila kitu kinaonekana kutoka juu, ndani panastahili kazi ya ziada. Nilikata mikanda ya viti kutoka kwenye tepu ya karatasi, nikaipaka rangi ya turubai na kuichorea vifungo kwa ncha ya penseli. Nilikuwa pia nimenunua seti ya vipande vya shaba nyembamba kutoka kampuni nyingine ambayo sitaitaja, na humo nilitumia paneli ya mita za rubani tu, kwa kuwa viti vyake vilikuwa vyembamba mno kuliko viti vinavyoonekana kwenye picha za ndege halisi, na vipande kadhaa vilivunjika kwenye mikunjo. Fedha hizo ni bora zitumike kununua nyuzi nzuri, ambazo nitazieleza mbele.

Injini ya Bristol Pegasus yenye silinda 9 imechongwa vizuri. Niliiongezea nyaya za umeme za plagi kwa kutumia nyuzi za shaba zilizotoka ndani ya kebo ya chaji ya simu iliyokufa. Jambo ambalo waundaji wengi hulipita ni ule mviringo wa mbele wa kifuniko cha injini, ambao hupakwa rangi ya mwili wa ndege kana kwamba ni bati la kawaida. Katika Swordfish, moshi wa silinda zote ulikusanywa kwenye mviringo huo kabla ya kutolewa kwa bomba la upande wa kulia, na kwa hiyo chuma chake kiliungua kikawa na rangi ya kahawia inayokaribia shaba kuukuu. Nilianza na rangi ya chuma iliyokoza, nikafuatisha matabaka mepesi sana ya kahawia na zambarau, na sehemu hiyo moja imeupa uso wote wa ndege uhai.

Sasa nije kwenye rangi. Kwa wakati niliouchagua, ndege hizi zilipakwa juu mabaka ya kijivu cha bahari kilichokoza na kijivu chenye ukijani, na chini rangi hafifu ya kijani inayokaribia maziwa. Lakini sehemu ya juu ya mabawa ya chini haikupakwa rangi zilezile. Kwa kuwa bawa la juu huliwekea la chini kivuli, na kivuli hicho kingelifanya lionekane jeusi na kuvuruga ule mchanganyiko wa mabaka, mabawa ya chini yalipewa rangi za jamii ileile zilizofifishwa, yaani kijivu cheupe zaidi na ukijani mwepesi zaidi. Ni fikra nzuri sana ya watu wa wakati ule, na katika modeli inafanya kazi vilevile: ukiitazama kutoka juu, mabawa yote yanaonekana kama kitu kimoja, na ukiinama ndipo tofauti inapojitokeza. Anayetumia rangi mbili tu kwa mabawa yote anaikosesha modeli hii sifa yake kubwa.

Kwa wenzangu wa pwani, nasisitiza suala la unyevu. Rangi zinazochanganywa na thina kali, zikipulizwa wakati wa masika, hukauka zikiwa na ukungu mweupe juu yake, kwa kuwa thina inapopaa haraka huupoza uso wa plastiki na kuvuta mvuke wa hewani. Mimi hutumia rangi za akriliki zinazochanganywa na maji, ninazipuliza kwa spreya ndogo ya hewa wakati wa mchana jua likiwa kali, na ninaweka chujio la maji kwenye bomba la kompresa. Baada ya rangi niliweka vanishi ya kung'aa, kisha stika za kulowekwa majini, ambazo zilikaa vizuri juu ya alama za mbavu za mabawa zilizochongwa kwa wepesi unaofaa kitambaa kilichovutwa juu ya fremu. Kwa ndege ya mwanzoni mwa Mei 1942 nilitumia duara za zamani zenye ukingo mpana wa njano ubavuni, kwani mtindo mpya wenye ukingo mwembamba ulianza kuenea baadaye kidogo. Kabla ya kuunganisha mabawa nilikwangua rangi yote kwenye mashimo ya nguzo, kwa sababu gundi ya plastiki hushika kwa kuiyeyusha plastiki yenyewe, na ikikuta rangi inaishikamanisha rangi tu.

Nyaya ndizo zilizonichukua muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, na kwa kweli ndizo zinazoifanya ndege ya mabawa mawili iwe hivyo. Mtu akielewa kazi yake hatazikosea mahali. Zipo zinazotoka chini karibu na kiwiliwili na kupanda kuelekea nje hadi bawa la juu. Hizi hubeba mzigo ndege inapokuwa angani, wakati mabawa yanavutwa kwenda juu, na katika Swordfish zimewekwa mbilimbili. Zipo zinazotoka juu katikati na kushuka kuelekea nje hadi bawa la chini. Hizi hushikilia mabawa yasilemee chini ndege inapokuwa imesimama au inatua. Halafu zipo fupi zinazokatizana kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, ambazo huilinda pembe ya bawa. Kwenye ndege halisi nyaya hizi si za mviringo, zimebanwa zikawa bapa ili zipasue upepo. Pamoja na mchoro wa maelekezo, nilitegemea sana picha za W5856, Swordfish iliyojengwa na kampuni ya Blackburn mwaka 1941 na kutunzwa Yeovilton nchini Uingereza, kwa kuwa picha zake za karibu zinaonyesha kila mahali waya unapoingilia.

Nilijaribu vitu viwili kwenye vipande vya plastiki vilivyobaki kabla ya kuamua. Cha kwanza ni mshipi mwembamba wa kuvulia, ambao unapatikana kila duka la vifaa vya uvuvi na una nguvu isiyo na mfano. Ukilegea, unapitisha kijiti cha udi kinachofuka karibu nao bila kuugusa, na joto linaukaza mara moja. Tatizo lake ni kwamba unahitaji kutoboa bawa la juu hadi upande wa pili, kuuvuta mshipi ukiwa umefungiwa kibanio cha nguo, kuutia supaglu, kuukata, kisha kuziba tundu na kupaka rangi upya. Kwenye modeli kubwa kazi hiyo inavumilika. Kwenye bawa dogo lililokwisha kupakwa mabaka na kuwekwa stika, sikuona sababu ya kuliharibu.

Cha pili ni uzi wa lastiki uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya modeli, na huo ndio nilioutumia. Nilitoboa mashimo ya milimita 0.3 kwa keekee ya mkono, yakaishia katikati ya unene wa bawa, kabla ya kuunganisha chochote. Baada ya bawa la juu kukaa, niligusisha ncha ya uzi kwenye tone dogo la supaglu, nikaiingiza kwenye shimo la kwanza kwa kibano, nikakata uzi ukiwa mfupi kidogo kuliko umbali unaohitajika, nikauvuta na kuuingiza shimo la pili. Katika unyevu wetu supaglu hushika upesi sana, na hapo unyevu ukawa rafiki. Uzi huo haulegei kwa joto la mchana, na kidole kikiugonga kwa bahati mbaya unarudi ulivyokuwa. Nilianzia nyaya za ndani kwenda nje ili mkono usipite juu ya zilizokwisha kufungwa. Kwa zile fupi zinazokatizana nilitumia nyuzi za shaba, nikizipima kwa bikari na kuzibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Rangi niliyochagua ni kijivu cha giza, kwani rangi ya fedha kwa kipimo hiki inang'aa kupita kiasi na kuyavuta macho mbali na ndege.

Chini ya tumbo niliweka torpedo, ambayo kwa ndege halisi ilikuwa na uzito wa takriban kilo 730. Siku ya Diego Suarez nyingine zilibeba torpedo na nyingine mabomu ya kulipukia ndani ya maji, kwa hiyo chaguo lolote kati ya hayo linakubalika.

Kuhusu ununuzi, niliagiza kutoka duka moja la Uingereza kwa posta, na gharama ya usafirishaji ilikaribia bei ya seti yenyewe; mwenye ndugu anayesafiri atapata nafuu kwa kumwomba aibebe, kwa kuwa sanduku ni jepesi. Ni vyema kuagiza uzi wa lastiki na biti za keekee katika mzigo huohuo, maana hapa kwetu biti nyembamba kiasi hicho nimeziona kwa mafundi wa saa tu. Modeli ikikamilika, itengewe sanduku la kioo au la plastiki angavu tangu siku ya kwanza, kwani vumbi likishatua juu ya nyaya halifutiki kwa brashi bila kuzing'oa, na hewa yetu ya chumvi huzidhuru nyuzi za shaba zisizopakwa vanishi.