Kuzamia na familia kaskazini mwa Unguja: tulale Kendwa au Matemwe?

Vituo vya kuzamia kaskazini mwa Unguja ni vingi, na karibu vyote vinauza safari moja: mizamio miwili ya asubuhi kwa mitungi ya hewa kwenye miamba ya kisiwa kidogo cha Mnemba, matunda na chai botini, kurudi mchana. Kwa watu wazima wawili wenye vyeti vya kuzamia, kituo chochote chenye vifaa vizima kitatosha. Familia ni habari nyingine. Mama ana cheti, baba haogelei vizuri, binti ana miaka 12 na mdogo wake ana 8: safari hiyohiyo inaweza kuwafurahisha wawili na kuwatesa wawili. Kwa hiyo hapa tunazipima huduma hizi kwa swali moja. Yule mdogo na yule asiyezamia, siku yao itakwendaje?

Jibu letu ni kulala Kendwa au Nungwi, na kwenda Mnemba siku moja au mbili tu.

Ni kweli kwamba Matemwe, iliyo pwani ya mashariki, iko karibu zaidi na Mnemba. Boti hufika Mnemba kwa chini ya nusu saa, wakati kutoka Nungwi ni karibu saa nzima, na saa nzima ya mawimbi inatosha kumtapisha mtoto kabla hajavaa hata miwani. Lakini Matemwe maji yakipwa hukimbia mbali mno, hasa siku za bamvua. Mtoto aliyebaki ufukweni anabaki na mchanga, mwani na mawe yenye wale viumbe weusi wa miba mirefu, na mwenye kupanda boti hutembea sehemu ndefu kwa miguu (msimruhusu mtoto kufanya hivyo bila viatu vya mpira). Kendwa inatazama magharibi. Maji hayaendi mbali, mtoto huogelea kujaa na kupwa, na miamba ya upande wa kisiwa cha Tumbatu iko karibu kwa mzamio wa kwanza usio na mkondo mkali. Matemwe tunawashauri wale ambao familia nzima ina vyeti na kila asubuhi ni ya mtungi.

Msimu nao una neno lake. Kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, pwani ya mashariki hupigwa na upepo moja kwa moja na Kendwa hukaa imekingwa. Likizo ya Agosti kwa hiyo ni ya Kendwa bila mjadala. Kaskazi la Desemba na Januari huichafua Nungwi zaidi. Maji huwa shwari zaidi Oktoba na Novemba, kisha mwisho wa Februari hadi masika yaingie. Joto la maji ni kama nyuzi 25 mwezi wa Agosti na 29 mwezi wa Machi. Tofauti hiyo mtu mzima haijali sana, lakini mtoto mwembamba hupoa haraka. Agosti mwombeeni vazi la kuzamia la mpira wa milimita 5. Mwezi wa Machi, milimita 3 zinatosha.

Sasa umri, maana hapa ndipo wazazi wengi hupewa ahadi zisizo sahihi. Kwa kanuni za PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, mtoto wa miaka 8 anaweza kufanya Bubblemaker, yaani kupumua kwa mtungi kwenye kina kisichozidi mita 2. Akifika 10 anaweza kujaribu kuzamia na mwalimu hadi mita 12, au kuanza cheti cha Junior Open Water. Mwenye cheti hicho wa miaka 10 au 11 haruhusiwi kupita mita 12, na lazima awe na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mwalimu. Kuanzia 12 hadi 14 ni mita 18, akiwa na mtu mzima mwenye cheti. Kituo kikikuambia mtoto wa miaka 9 “atashuka kidogo tu” Mnemba, ondokeni.

Cheti chenyewe huchukua siku tatu hadi nne: nadharia, mazoezi kwenye bwawa au maji tulivu, kisha mizamio minne baharini. Mwanafunzi huogelea mita 200, au 300 akiwa na miwani, mapezi na bomba la kupumulia, na huelea dakika 10. Nadharia imalizwe nyumbani kwa mtandao kabla ya safari, la sivyo mtoto atasoma likizo nzima huku wenzake wako majini. Ombeni pia fomu ya afya mapema. Jibu la “ndiyo” kwenye pumu au kifafa linahitaji saini ya daktari, na ni vigumu kuipata Nungwi asubuhi ya safari.

Kinachoharibu mizamio mingi ya watoto ni masikio, wala si papa. Shinikizo huongezeka mara mbili kutoka juu ya maji hadi mita 10, na sehemu ngumu kuliko zote ni zile mita chache za mwanzo. Mirija inayounganisha koo na sikio la mtoto ni myembamba. Mafua kidogo huiziba. Mwalimu mzuri utamtambua hapo. Hushuka na mtoto kwa kamba, miguu ikitangulia, na kila nusu mita humsimamisha abane pua na kupuliza taratibu. Maumivu yakianza, hupanda naye mita moja na kujaribu tena, na akishindwa mara ya pili hufunga mzamio. Mwalimu anayemvuta mtoto chini ili awafikie wenzake hafai hata kama boti yake inang'aa. Kwa watoto, mwalimu mmoja asimamie wawili tu. Kwa mara ya kwanza, tunapendelea mmoja kwa mmoja.

Kabla ya kulipa, nendeni stoo ya vifaa mkiwa na mtoto. Awekewe miwani usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua: ikishika bila kuanguka, inamfaa. Nywele zikiingia chini ya mpira, itavuja. Aume kishikio cha regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Kikiwa kikubwa, taya litachoka katika dakika kumi na maji yataingia pembeni ya mdomo. Fulana ya kuelea isipande hadi masikioni ikivutwa juu mabegani. Mtungi wa kawaida wa lita 12 ni mzito kwa mtoto wa miaka 10. Kituo kinachofundisha watoto kwa dhati kina midogo ya lita 8 au 10. Fungueni valvu kidogo mnuse hewa. Isiwe na harufu yoyote. Harufu ya mafuta au moshi maana yake kompresa ina kasoro, au inavuta hewa karibu na injini. Botini ulizeni oksijeni ya dharura iko wapi, na waifungue mwione geji inasoma.

Mnemba kwenyewe, ombeni mwamba uitwao Wattabomi: mteremko mpole wa mchanga na matumbawe, kasa na samaki aina ya taa wenye madoa ya buluu, na mtu anaweza kubaki kwenye kina kidogo bila kukosa kitu. Mwamba mwingine wa hapo, uitwao Kichwani, una mkondo, uwe wa wenye uzoefu. Leven Bank, mwamba wa bahari wazi kaskazini ya Nungwi wenye mikondo mikali, msimpeleke mtoto kabisa. Yule asiyezamia aulizwe habari zake pia: je, kuna mtu wa kuingia naye majini na bomba lake, au ataachwa na nahodha? Asubuhi boti za watalii hujazana, na mtoto anayeelea katikati ya injini hizo anahitaji mtu wake. Bei ikitajwa, ulizeni kama ada ya hifadhi na ukodi wa vifaa vimo ndani.

Pemba ina kuta za miamba za ajabu chini ya maji, lakini mikondo ya mlango-bahari wake si ya wanaojifunza. Mafia inafaa sana kati ya Oktoba na Februari, kwa sababu papa potwe wa Kilindoni huonekana kwa bomba na mapezi tu, hivyo hata asiye na cheti hakosi kitu. Mizamio ya Ghuba ya Chole, hukohuko Mafia, nayo hupangwa kwa saa za maji kujaa na kupwa, kwa hiyo ratiba huamuliwa na bahari. Kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994, hairuhusu mitungi kwa wageni, na kwa familia yenye watoto wadogo hiyo ni nafuu: wote mnaona mwamba uleule kwa pamoja.

Wanaounganisha bahari na mbuga waanze na mbuga, kwani mwili uliotoka kuzamia huhitaji muda kabla ya kupanda juu. Baada ya mizamio ya siku kadhaa, subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata ile ndogo ya kwenda Dar es Salaam, na ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, nao ni kama kupanda ndege. Boti ya kwenda Dar haina shida.