Kanali kafa mara mbili, muuzaji ananiambia ndivyo kitabu kilivyo

Niliagiza One Hundred Years of Solitude, riwaya ya Gabriel García Márquez, ile tafsiri ya Kiingereza ya Gregory Rabassa, kwa muuzaji mmoja wa vitabu wa mtandaoni hapa Dar. Jina lake nalihifadhi. Kitabu nilikisoma zamani nikiwa chuo, nakala ya maktaba iliyochakaa, na siku nyingi nilitaka ya kwangu. Picha aliyonitumia ilikuwa safi, jalada linang'aa, na akaniapia kwamba mwanzoni kuna ule mchoro wa ukoo wa akina Buendía. Nikalipa kwa simu, boda akaleta jioni ile ile. Mpaka hapo sina neno.

Mchoro haupo. Ukurasa huo wameruka, wameanza moja kwa moja na hadithi. Kwa riwaya nyingine ningenyamaza, lakini hii ina vizazi saba, na kuisoma bila mchoro ni kama kufika harusini ambako kila mwanamume anaitwa Juma na hakuna wa kukuonyesha bwana harusi ni yupi. Kuna José Arcadio baba, José Arcadio mwana, Arcadio mjukuu, José Arcadio Segundo, na mwingine tena anayepelekwa Roma akasomee upapa. Akina Aureliano ndio usiseme. Kanali Aureliano Buendía peke yake amezaa watoto wa kiume 17 kwa wanawake 17, na wote, kila mmoja, ni Aureliano.

Hata hilo nilimeza. Kilichonitoa roho ni ukurasa wa 288.

Niko hapo, usiku, nyumba imetulia. Amaranta, dada yake kanali, ameshamaliza kudarizi sanda yake na ameshakufa, Meme ameshaanza kufuatwa na vipepeo vya njano vya yule kijana fundi, Mauricio Babilonia. Sentensi inakatika katikati. Nageuza, na badala ya kumalizia sentensi najikuta nyuma kabisa, kwa kanali ambaye nilishamzika. Mtu aliyepigana vita 32 akashindwa vyote, aliyenusurika kikosi cha kumpiga risasi, anatoka kutazama gwaride la sarakasi linapita mtaani, anakwenda kukojoa kwenye mti wa uani, anaegemeza paji la uso kwenye shina, basi. Kesho yake Santa Sofía de la Piedad anakwenda kutupa taka, anaona tumbusi wanashuka. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilitukana.

Kurasa 32 zimewekwa mara mbili. Kifungu kizima cha karatasi kimejirudia pale pale ambapo kingepaswa kukaa kifungu kingine, na hicho kingine hakimo kabisa. Kinachofuata ni ukurasa wa 321, na hapo tayari mvua inanyesha Macondo, mji wa hadithi hii, ile mvua ya miaka minne, miezi kumi na moja na siku mbili.

Sasa nisikilizeni, ninyi mliokisoma. Mnajua kinachokaa kabla ya mvua. Ni mtoto wa Meme kuletwa na mtawa ndani ya kikapu. Ni mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya ndizi. Ni uwanja wa stesheni, watu wamejaa na wake zao na watoto, na bunduki za rashasha juu ya mapaa. Ni José Arcadio Segundo kuzinduka gizani ndani ya treni, amelala juu ya maiti, behewa baada ya behewa, zinapelekwa kutupwa baharini kama ndizi zilizooza. Anaruka, anatembea kwenye mvua kurudi mjini, anaingia nyumba ya kwanza na kusema waliokufa ni kama elfu tatu. Mwanamke wa nyumba ile anamtazama kwa huruma na kumwambia hapa hakujafa mtu. Na kila anayemuuliza baada ya hapo anamjibu hivyo hivyo.

Ni kurasa hizo zilizokosekana, na sehemu hii haikutungwa hewani tu. Desemba 1928, pale Ciénaga, Kolombia, jeshi liliwafyatulia risasi wafanyakazi wa United Fruit Company waliokuwa kwenye mgomo, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Gabriel García Márquez alizaliwa mwaka 1927 Aracataca, ukanda ule ule wa mashamba ya ndizi, akalelewa na babu na bibi. Kitabu kilipotoka Buenos Aires mwaka 1967, ile elfu tatu yake ndiyo iliyoshika vichwani mwa watu kuliko hesabu ya ofisi yoyote.

Nikampigia picha muuzaji, nikamtumia. Kwa adabu, wallahi. "Habari za jioni kaka, naomba unibadilishie, kurasa zimejirudia na nyingine hazipo." Kimya mpaka kesho yake mchana. Halafu akajibu kwa sauti, nyuma yake nasikia daladala zinapiga honi: "Dada yangu, hicho kitabu si ndicho cha watu wenye majina yanayofanana? Ndivyo kilivyo, kinajirudia. Ni kitabu kigumu, si kila mtu anakielewa. Wengine wamenunua, mbona hawajalalamika?"

Nikamwandikia tena kwamba nimekisoma, najua kilichokosekana, ni mauaji ya stesheni. Akanijibu kwa maandishi safari hii: "Hakuna kilichokosekana dada. Kitabu kipo kamili."

Nilikaa na simu mkononi. Mtu ananiuzia kitabu ambacho mauaji yametolewa, halafu ananiambia hakuna mauaji. Angekuwa amekisoma ningesema ananitania.

Mngeona niliyomwandikia baada ya hapo mngenizuia. Lakini hasira yangu kubwa si ya hela. Ni lile neno lake, "kinajirudia", kwa sababu mtu mvivu wa kusoma siku zote husema hivyo kuhusu kitabu hiki, na ana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaokera. Ndiyo, kinajirudia. Lakini hakuna kinachorudi kikiwa kile kile. Chukua wale samaki wa dhahabu wa kanali. Mwanzoni anawatengeneza, anauza kwa sarafu za dhahabu, anayeyusha sarafu anatengeneza samaki wengine. Úrsula, mama yake, hesabu hiyo haimwingii akilini, biashara gani hii isiyoacha faida? Baadaye anaacha kuuza. Anatengeneza wawili kwa siku mpaka wafike 25, anawayeyusha, anaanza upya. Kazi ni ile ile na mikono ni ile ile, ila mara ya kwanza ulikuwa unamwona fundi, na mara ya pili unamwona mtu aliyekwisha na bado anapumua. Amaranta naye anashona na kufumua, anashona na kufumua, ila yeye ana miadi na kifo: ameambiwa atakufa jioni ya siku atakayomaliza. Mmoja anarudia ili asifikiri, mwingine anarudia ili asifike. Kurasa zangu 32 zimerudia kwa sababu mtu kiwandani alikuwa anachati.

Kuna kipande nakipenda kuliko kile cha Remedios mrembo kupaa mbinguni na mashuka, ambacho kila mtu anakitaja. Úrsula amezeeka, amepofuka, na nyumba nzima haina habari. Fernanda, mama yake Meme, amepoteza pete ya ndoa, wanapekua kila kona. Úrsula anaipata kwenye rafu ya chumba cha watoto. Kaipataje, na macho hana? Alishagundua kwamba kila mtu nyumbani mle, kila siku, anapita njia zile zile, anafanya mambo yale yale, karibu anasema maneno yale yale saa ile ile, na wanapoteza vitu siku wanayokiuka mazoea. Siku ile Fernanda alianika magodoro kwa sababu usiku Meme aliona kunguni. Watoto walikuwepo, kwa hiyo pete angeiweka mahali pekee wasipofikia. Fernanda aliitafuta pale anapopita kila siku, yaani mahali pekee isipoweza kuwa. Hebu nionyesheni mkaguzi gani wa polisi ana akili kama za bibi huyu.

Na ni Úrsula huyo huyo anayetoa hesabu ya majina: akina Aureliano ni wapole, wamejifungia, akili kali, akina José Arcadio ni wenye pupa, wanathubutu, na mkosi haupo mbali nao. Inashika kizazi baada ya kizazi, mpaka wanazaliwa pacha, José Arcadio Segundo na Aureliano Segundo, na inageuka juu chini. Utotoni walikuwa wakibadilishana nguo na bangili zenye majina mpaka nadhani wenyewe wakapotea. Aliyeitwa Aureliano anakua mtu wa karamu na vinywaji, na yule José Arcadio ndiye anayeishia chumbani na hati za ngozi za Melquíades, yule mgipsi rafiki wa ukoo. Wanakufa siku moja, na waliobeba majeneza, wamelewa, wanawachanganya makaburi. Sasa wamechanganywa au wamerudishwa? Mwandishi hakuambii.

Msomaji wa huku hashangai sana. Mimi nina jina la bibi mzaa baba, na babu aliniita mke wangu mpaka anafariki, akinitania kwamba chai yangu haina tangawizi kama ya mwenzangu. Majirani zetu Wakikuyu wana utaratibu kamili, mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, hakuna mjadala. Jina kurudi ni heshima. Huyu Mkolombia amekwenda akachukua heshima hiyo na kuuliza: je, na yale mengine yanarudi nalo?

Hapo ndipo kitabu chenyewe kinapoanza kunikera, na kama niko kwenye kukereka acha nimalize. Remedios Moscote ana miaka tisa kanali anapompenda. Tisa! Bado anakojoa kitandani, anaolewa mara tu anapovunja ungo, anakufa na pacha tumboni, na mwandishi anapita hapo kwa sauti ile ile anayotumia kwa mvua ya maua ya njano. Mama wa wale 17 ni wasichana waliopelekwa kwa kanali usiku kupata mbegu ya shujaa. Huko chuoni nilisoma hivi vyote nikiita uchawi wa lugha. Sasa hivi naviona vingine kabisa. Halafu mwanamume baada ya mwanamume ukooni anapumbazika na shangazi au dada wa kulelewa, wazee wa nyumba wanamjua yule ndugu wa zamani aliyezaliwa na mkia wa nguruwe na kufa kwa kutoka damu baada ya bucha rafiki yake kumkata, na hakuna, hata mmoja, anayeweza kuwaambia vijana nani ni nani wao. Aureliano mdogo, yule mtoto wa Meme, anampenda Amaranta Úrsula, mdogo wake Meme, wanaulizana kama ni ndugu na hawana wa kuwajibu, kwa sababu Fernanda alificha mtoto alizaliwa na nani. Anazaliwa mtoto mwenye mkia, na siafu wanambeba. Kwa ukoo wenye wajuzi wa kusoma Kisanskriti, upumbavu ulioje.

Nilikuwa nimeandika hapa "nyota mbili kwa kitabu". Nimefuta. Kwa sababu kile alichoficha Fernanda, mtoto wa kikapuni, kimo kwenye kurasa zangu zilizokosekana. Mtu atakayesoma nakala hii mara ya kwanza atamwona Aureliano mdogo anazagaa nyumbani hajui alitoka wapi, sawasawa na watu wa nyumba ile. Na atamwona José Arcadio Segundo kajifungia, anarudia elfu tatu, elfu tatu, atadhani ni chizi. Muuzaji amefanikiwa kumfanya msomaji kuwa mwananchi wa Macondo, bila kukusudia na bila kupunguza bei. Kitabu nyota tano, tena kwa sababu kinatoboa hata kikiwa kimekatwa. Manung'uniko yangu ya aya iliyopita sijayaondoa, yakae hapo hapo.

Muuzaji sifuri. Wiki hii, baada ya mimi kumtaja kwenye kundi letu la wasomaji, ghafla nimekuwa "dada mpendwa", na akanitumia faili kwenye simu akisema ndizo kurasa zangu. Nikafungua. Gwaride la sarakasi linapita, kanali anaelekea uani. Yaani mzigo mzima alioagiza una ugonjwa huo, na hao wengine wasiolalamika ama hawajafika huko ama wameamini ndivyo kilivyo. Hela hajarudisha. Anasema sera yake ni kubadilisha, si kurudisha, na cha kubadilishia hana.

Wa kwake boda ni kijana mstaarabu, nyota zake zote anastahili. Ukiagiza, mwombe asubiri dakika moja getini, ufungue ukurasa wa 288 na ugeuze. Ukikuta 257, mrudishie mzigo kabla hajawasha pikipiki.