WHAS au WLKY: vituo viwili vya Louisville vilivyobadilishana mitandao
Marekani, kituo cha televisheni cha mjini huandaa habari zake chenyewe, kisha hupokea vipindi vingi vya usiku na michezo mikubwa kutoka mtandao wa kitaifa kilioingia nao mkataba. Mkataba ukihama, chaneli inabaki palepale ila kinachoonekana kinabadilika. Louisville, Kentucky, waliyaona hayo Septemba 1990: WHAS, chaneli 11, iliuacha mtandao wa CBS ikahamia ule wa ABC, na WLKY, chaneli 32, ikatoka ABC kwenda CBS.

WHAS ilikuwa na CBS tangu 1950, miaka 40 mizima. Lakini CBS ilikuwa imedorora, na ABC ndiyo iliyoonyesha mbio za farasi za Kentucky Derby. Kwa mji ule, Derby ni sikukuu! Utamu huo ulidumu hadi 2000; mwaka uliofuata mbio zikaenda kwa mtandao wa NBC, yaani kwa WAVE, chaneli 3, kituo kingine cha mjini humo.

WLKY ilianza 1961 kwenye masafa ya UHF, na seti nyingi za wakati huo hazikuweza kuyanasa bila kifaa cha ziada. Ilipanda mlima kweli, na naiheshimu kwa hilo.

Hata hivyo, mimi nachagua WHAS. Tangu 1954 inaendesha harambee ya watoto wenye ulemavu, ambapo wazima moto husimama njia panda na kunyoosha buti kwenye madirisha ya magari, watu wadumbukize sarafu. Hilo halikuletwa na mtandao wowote.