Prime95: Msaka Namba Tasa Asiye na Haraka

Prime95 ni programu ya kompyuta isiyo na urembo wowote. Ukiifungua, unakutana na dirisha la maandishi matupu ambamo mistari ya takwimu inaongezeka polepole, huku feni ya kompyuta ikianza kuvuma. Inapakuliwa bure, nami niliiweka kwenye kompyuta mpakato yangu ya zamani ili nishiriki katika GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 wa kusaka namba tasa za Mersenne, yaani zile zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kadhaa pamoja (idadi ya 2 hizo ndiyo kipeo), kisha kutoa 1.

Kinachoshangaza ni kwamba namba hizi hupimwa bila kutafuta vigawo vyake kimoja kimoja. Kwa njia ya wanahisabati Lucas na Lehmer, unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, kisha unagawanya kwa namba unayoipima na kuchukua baki; unarudia hivyo mara zinazolingana na kipeo ukitoa 2, na ukiishia kwenye 0, namba hiyo ni tasa. Kabla ya kuiamini mashine niliijaribu 127, yaani 2⁷ − 1, kwa kalamu: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua tano, na chai yangu haijapoa. Lakini namba aliyoigundua mshiriki mwingine wa GIMPS, Luke Durant, mwezi Oktoba 2024, ambayo kipeo chake ni 136,279,841, ina tarakimu 41,024,320, na kuithibitisha kwa njia hiyo kunadai hatua zaidi ya milioni 136. Yeye alitumia kadi za michoro zenye nguvu zilizotawanyika katika nchi 17, kwa hiyo mwenye mashine kama yangu asijidanganye kuhusu zawadi ya fedha anayopewa mgunduzi.

Sifa kubwa zaidi ninaipa kwenye uhakiki. Siku hizi namba mpya hupimwa kwanza kwa kipimo cha Fermat, njia nyingine inayoonyesha kama namba huenda ni tasa, ambacho programu hukikagua njiani, kwa maana kosa la biti moja (0 au 1 moja tu ya kompyuta) katikati ya safari lingeharibu yote yanayofuata. Mwishoni hutolewa cheti ambacho kompyuta ya mtu mwingine hukihakiki bila kurudia hesabu nzima. Kazi huhifadhiwa kila baada ya nusu saa, na umeme ulipokatika mara mbili nilipoteza dakika chache tu.

Gharama yake ni joto na umeme. Prosesa hufanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana (ndiyo maana wajenzi wa kompyuta huitumia kupima uimara wa mashine mpya), na meza yangu ilipata moto kama iliyowekewa pasi. Anayehesabu uniti za umeme afikirie mara mbili.

Siku ya kumi na tisa jibu lilitoka: si tasa, likifuatiwa na herufi na tarakimu 16 za baki. Sijamaliza kuusoma mstari huo, programu ilikwishaanza namba nyingine.