Paneli za jua ndani ya malisho ya kondoo: tathmini baada ya misimu mitano ya mvua

Mfumo ninaoutathmini hapa ni wa paneli 40 za jua, kila moja ikiwa na uwezo wa wati 550, ambazo kampuni moja ya Nairobi ilinifungia Februari 2023 katikati ya malisho ya kondoo wangu karibu na Isinya, Kaunti ya Kajiado. Kampuni hiyo sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninachokusudia ni kumsaidia mfugaji anayefikiria kununua mfumo wa aina hii aulize mapema maswali ambayo mimi sikuyauliza. Ningetakiwa kuupa alama, ningeupa 7 kati ya 10, na zile alama 3 zilizopungua zote zimepotelea chini ya paneli, mahali wanapolala kondoo adhuhuri na ambapo fundi hapaangalii tena akishamaliza kukaza boliti.

Nilifikia uamuzi wa kununua wakati wa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha na mizoga ya mifugo ikazagaa kandokando ya barabara za Kajiado. Kisima changu kilikuwa na maji, lakini kila lita iliyopanda juu ililipiwa dizeli. Paa la ghala lilikuwa dogo mno kubeba paneli nilizozihitaji, na kuzungushia seng'enge kipande kingine cha ardhi kwa ajili ya umeme peke yake kungemaanisha kuwanyang'anya kondoo malisho katika mwaka ambao hata ubua mmoja wa nyasi ulikuwa na thamani. Muuzaji alipendekeza paneli zisimame humohumo malishoni. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani Adolf Goetzberger, mwanzilishi wa taasisi ya Fraunhofer ya nishati ya jua huko Freiburg, Ujerumani, aliandika kuhusu kulima viazi chini ya paneli mwaka 1981. Hapa kwetu Isinya, katika taasisi ya mafunzo ya kilimo ya Latia, paneli 180 zimeinuliwa juu ya bustani ya mboga, na kabichi za chini yake ziliripotiwa kuwa kubwa kwa theluthi moja kuliko zile zilizopandwa kwenye jua kali. Kwa upande wa kondoo, hata hivyo, kampuni iliyoniuzia haikuwa na mteja hata mmoja wa kunionyesha, na jambo hilo lilipaswa kuniamsha.

Mzozo wa kwanza ulihusu urefu. Mchoro walioniletea ulionyesha ukingo wa chini wa paneli ukiwa sentimita 70 kutoka ardhini, kipimo kinachofaa kwa uwanja usio na mnyama. Mzee anayenichungia kondoo, ambaye hajui kusoma mchoro lakini anajua mgongo wa dume la Dorper, aina ya kondoo wa nyama, unafika wapi, alisimama pembeni ya fundi akauliza, "Kijana, hawa wakitaka kuingia kivulini wapige magoti?" Fundi naye akauliza kama kondoo hawatapanda juu ya vyuma, akajibiwa kwamba hao si mbuzi. Mzee alikuwa na haki katika yote mawili. Mbuzi angekuwa juu ya paneli siku hiyohiyo, na ng'ombe angehitaji vyuma vya zaidi ya mita mbili ili asijikune kwenye kioo, lakini kondoo anataka tu nafasi ya kupita bila kuinama. Tukakubaliana mita 1.1 upande wa chini na takriban mita 1.9 upande wa juu, na nyongeza hiyo ya chuma ikapandisha bei yangu kwa asilimia 9. Sijutii hata senti moja ya nyongeza hiyo, ingawa mzee mwenyewe ameshajigonga paji la uso kwenye ukingo wa chini mara kadhaa, na sasa ukingo wote umefungwa vipande vya mpira wa gurudumu.

Kuhusu umeme wenyewe sina mengi ya kusema, kwa sababu haujanisumbua. Pampu ya kisima huanza kuvuta maji asubuhi kabla sijamaliza chai, mashine ya kukata majani ya mifugo hufanya kazi mchana, na jenereta sasa huwashwa siku chache tu za mawingu mazito ya Julai. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya uwezo wake kwa kila digrii moja ya joto inayozidi 25, hivyo nyasi na upepo unaopita chini yake huzisaidia kupoa zaidi kidogo kuliko zile zilizolazwa juu ya mabati.

Jambo ambalo wauzaji hulitangaza kwa sauti kubwa zaidi ni nyasi, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba malisho ya chini ya paneli yalitoa nyasi chache kuliko ya uwazini, lakini zilikuwa na ubora zaidi, kiasi kwamba wanakondoo wa pande zote mbili waliongezeka uzito karibu sawa katika majira ya kuchipua, gramu 120 kwa siku kivulini na 119 uwazini. Huko Dubbo na Parkes, Australia, wafugaji wa kondoo wa merino wameeleza jinsi umande unavyodondoka kutoka kwenye paneli na kuacha mistari ya kijani wakati wa ukame. Kwenye uwanda wa Gonghe, mkoani Qinghai nchini China, maji ya kuoshea paneli na kupungua kwa upepo viliotesha nyasi nyingi hadi zikawa hatari ya moto, na kondoo wakaletwa kuzipunguza. Yote hayo ni kweli, lakini ni ya mashamba yenye paneli kwa maelfu, mbali na ikweta, ambako kivuli huzunguka sana kwa siku na kwa majira. Hapa Isinya jua la mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima, paneli zangu zimeinama digrii 10 tu kuelekea kaskazini, na kwa hiyo kivuli hubaki karibu palepale. Katikati ya kila moja ya meza zangu mbili za paneli (fremu zinazozibeba), yenye upana wa mita 4.6, nyasi zilikwisha kabisa ndani ya mwaka wa kwanza, nusu kwa kukosa mwanga na nusu kwa kukanyagwa na kondoo 46 wanaojazana hapo kuanzia saa tano asubuhi.

Je, nimepata hasara? Sidhani. Kivuli cha mita za mraba 103 hivi kimenifaa kuliko nyasi ambazo zingeota mahali hapo. Kondoo waliokuwa wakihema juani sasa hulala wakicheua hadi saa tisa, kisha hutoka kula wakiwa na nguvu. Samadi yote imekusanyika sehemu mbili, kavu na isiyochanganyika na matope, nasi huizoa kwa koleo na kuwauzia wakulima wa mboga kwa gunia. Mapato hayo hayakuandikwa popote katika hesabu ya muuzaji.

Maji ya mvua nayo hayakuandikwa. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya eneo hilo, lita zipatazo 2,000 hushuka kwenye mistari miwili tu, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 11 na kitu. Katika msimu wa kwanza maji hayo yalichimba mtaro wa kina cha kiganja kando ya miguu ya chuma, na kondoo mmoja jike mwenye mimba akateguka mguu humo. Kampuni ilisema kwamba mtaro si sehemu ya mkataba, na kwa maandishi walikuwa sahihi. Nikafunga mwenyewe mifereji ya bati kwenye meza moja, ikapeleka maji kwenye tangi, na kwa kuwa kondoo mmoja hunywa kama lita 4 kwa siku, mvua moja nzuri katika meza hiyo pekee huwatosha wote siku tano. Meza ya pili niliiacha bila mfereji kwa makusudi, nikapanda nyasi za Rhodes kwenye mstari wa matone baada ya kuujaza mawe madogo. Mstari huo ndio sehemu ya mwisho kukauka shambani, kwa sababu Desemba na Januari, jua likiwa kusini, kivuli husogea kama nusu mita kaskazini na kuufunika.

Kasoro kubwa zaidi imo kwenye misingi. Anayeishi kati ya Kitengela na Kajiado anaujua udongo wetu mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, na anajua kwamba nyumba hazijengwi juu yake bila kuuchimba na kuuondoa. Mafundi walichimba mashimo ya sentimita 60, wakamwaga zege, wakaondoka. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipokuja, nguzo nne zilipanda na mbili zikainama, meza moja ikapinda kama kitanda kilichovunjika mguu, na paneli moja ikapasuka kioo kwenye kona. Walirudi baada ya wiki saba, wakabadilisha paneli bila malipo, lakini misingi mipya ya mita 1.5 nililipia mimi. Tangu ifanyike hivyo haijasogea, hata katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Nyaya nazo zinastahili aya yake, kwa sababu zinaweza kuua. Paneli 10 zilizounganishwa mfululizo hutoa karibu volti 500 za umeme wa moja kwa moja, na hakuna swichi ya kuzizima zenyewe jua linapowaka. Nilikuta viunganishi vikining'inia kwenye kimo cha pua ya mwanakondoo, vimefungwa kwa kamba za plastiki ambazo jua lilikuwa limeshaanza kuzikatakata. Kondoo hatafuni waya kama mbuzi, ila hujikuna, na sufu au mkia unaweza kunasa. Dai nyaya zote zipandishwe nyuma ya fremu na kufungwa kwa vibanio vya chuma, na zile zinazoshuka ardhini zipitishwe ndani ya bomba la chuma hadi zifukiwe. Kazi hiyo ilichukua mafundi wawili siku moja, na ingeweza kufanywa siku ya kwanza.

Kuna tatizo moja ambalo siwezi kumlaumu fundi wa umeme kwa kutolijua. Nyasi mbichi za kwenye mstari wa matone ndizo tamu kuliko zote, kondoo huzing'ang'ania hadi karibu na mizizi, na hapohapo penye unyevu na kivuli ndipo viluwiluwi vya minyoo wanaonyonya damu tumboni huishi muda mrefu bila kuuawa na jua. Mei 2024 nilipoteza wanakondoo wawili wa Dorper waliokuwa na kope nyeupe kama karatasi kwa ndani, ilhali wale waliochanganywa na kondoo wekundu wa Kimaasai, ambao ustahimilivu wao dhidi ya minyoo umechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hawakutetereka. Sasa wakati wa mvua mstari huo huzungushiwa wavu wa kuhamishika, nyasi zake hukatwa kwa fyekeo na kuanikwa kabla ya kulishwa, na kope huangaliwa kila wiki mbili.

Kuosha paneli kunahitaji neno moja la tahadhari. Vumbi la kondoo wanaporudi jioni hulala juu ya kioo, na maji ya visima vyetu yana chumvi nyingi, hivyo yakikaukia hapo huacha ukungu mweupe ambao ni mgumu kuondoa kuliko vumbi lenyewe. Tumia maji ya mvua, alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Kwa bei niliyolipa, mfumo huu unamfaa mfugaji mwenye kisima, mwenye kondoo wa kutosha kunufaika na kivuli, na ambaye anaishi shambani au ana mchungaji wa kudumu, maana paneli zilizo wazi huibwa. Mwenye mbuzi wengi aziweke juu ya paa, na asiye na matumizi makubwa ya umeme mchana hatairudisha pesa yake kwa haraka.

Mwezi uliopita niliomba makadirio ya paneli 20 za nyongeza kutoka kampuni ileile. Fundi waliyemtuma safari hii alikuwa binti mdogo, alimwamkia mzee shikamoo, kisha kabla hajatoa karatasi yoyote aliomba aletewe dume mkubwa kuliko wote. Mzee akamshika dume pembe, naye akaushusha utepe wa kupimia kutoka mgongoni hadi chini, akaandika namba, akauliza kama huyu bado anakua.