Kichwa kinauma, shingo ndiyo inatibiwa: mara sita kwa mtaalamu wa viungo

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, mwaka wa 22 sasa. Kliniki ninayoisimulia siitaji jina, maana nina manung'uniko ya bili na sitaki ugomvi na watu walionitibu.

Maumivu yangu yalikuwa na njia yake. Yanaanzia kisogoni upande wa kulia, yanapanda nyuma ya sikio, yanatua juu ya jicho. Siku nne au tano kila wiki. Mama akasema kipanda uso. Nikapima malaria mara tatu, hamna. Presha safi. Nikabadilisha miwani. Mwisho nikawa mteja wa kudumu wa duka la dawa: Panadol mbili asubuhi, mbili jioni. Hospitali moja wakanipiga eksirei, wakasema pingili za shingo zimechakaa, wakanipa vidonge vingine.

Aliyenielekeza kliniki ni mteja niliyekuwa nampima suti. Aliniita, nikageuka mwili mzima badala ya kichwa, akacheka.

Siku ya kwanza 40,000, zinazofuata 30,000. Miadi saa nne, niliingia saa tano na dakika ishirini, nimeshanuna. Ila yule binti mtaalamu wa viungo aliyenipokea aliijua kazi yake. "Shikamoo baba. Kichwa kiliwahi kukupiga ghafla kama radi? Homa na shingo kukakamaa? Mkono kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili?" Nikajibu hapana zote. Akasema ningejibu ndiyo hata kwa moja, angenipeleka hospitali kabla ya kunigusa.

Akanilaza chali, akaikunja shingo yangu mpaka kidevu kikagusa kifua, kisha akazungusha kichwa. Kushoto kilikwenda vizuri. Kulia kikakwama katikati, kama zipu iliyouma kitambaa. Halafu akabonyeza kwa dole gumba chini ya kisogo, nami nikaruka: jicho liliuma palepale, na hakuwa amelisogelea. Alinieleza kwamba neva za pingili tatu za juu za shingo zinakutana na neva inayosikia maumivu ya uso sehemu moja chini ya ubongo, basi ubongo unakosea anwani. Shingo inalia, wewe unasikia jicho. Eksirei yangu aliitazama akairudisha: kwa umri wangu wa miaka 46, uchakavu ule wanao wengi wasioumwa chochote.

Kuhusu Panadol alinikalia kooni. Dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, nayo huzalisha maumivu yake ya kichwa. Mimi nilikuwa nameza kila siku! Na kinyozi wangu, ambaye akimaliza kunyoa hunishika kidevu na kunialisha shingo, nimwambie basi, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo inapita ndani ya pingili hizohizo na inaweza kuchanika.

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Anasukuma pingili polepole kwa vidole, dakika chache, kisha mazoezi. Anaweka chini ya shingo kifuko kama kile cha kupimia presha, anakijaza hadi 20, nawe unaitikia "ndiyo" kidogo tu, kama unavyomkubalia mkwe, mpaka mshale ufike 22. Unashikilia sekunde kumi, mara kumi. Nilidhani mchezo wa watoto. Mara ya nne shingo ilitetemeka kama kitambaa cha shifoni chini ya sindano. Wiki ya sita nilifika 28. Nyumbani nilitumia taulo iliyokunjwa, asubuhi na usiku.

Sasa manung'uniko. Mara ya pili kijana mwingine alinibandika mashine ya umeme inayowasha-washa. Sikuulizwa, na kwenye bili nikakuta 15,000 imeongezwa. Nafuu yake iliisha kabla sijafika kituo cha mwendokasi. Mapokezi nao wakaniuzia mto maalumu wa shingo, 85,000. Usiku wa kwanza nililala kama kuku anayemtazama mwewe. Nikarudi kwenye mto wangu wa sufi.

Kwa uchunguzi na yule binti, nyota tano. Kwa foleni, mashine na mapokezi, mbili. Miezi mitatu imepita, kichwa kinaniuma labda mara mbili kwa mwezi, na huwa ni baada ya kukesha na nguo za Idd au za harusi.

Mto? Binti aliniuliza siku ya mwisho ninapigaje pindo za mkono. Nikamwonyesha: kazi mapajani, shingo inaning'inia. Akasema inua kazi ikufuate macho. Basi ule mto wa 85,000 ndio uko mapajani mwangu sasa, juu yake suruali za watu.